SOMO LA TISA: MTAMA WETU ULITOKA WAPI?

Katika vijiji vingi vya mkoa wa Singida, siku chache kabla ya mavuno, huenda ukamwona bibi akipita polepole katika shamba la mtama, kisu kikiwa mkononi. Havuni. Anatazama. Hupita masuke kumi bila kuyagusa, kisha husimama mbele ya suke moja, huliinamisha, hulipapasa kwa vidole, halafu hulikata. Masuke hayo machache hayawekwi ghalani pamoja na mengine. Hufungwa mafungu na kuning'inizwa juu ya jiko, mahali ambapo moshi huyafukiza kila siku ili wadudu wasitoboe punje. Hiyo ndiyo mbegu ya mwaka ujao. Chakula kikipungua nyumbani mwezi wa Januari au Februari, watoto wakainua macho na kuyaona masuke yale, bibi huwaambia, "Hicho si chakula, wajukuu zangu. Hiyo ni mbegu."

Kazi hii ya kuchagua na kutunza mbegu ilianza zamani sana, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, katika nchi iliyo mbali na Singida. Katika somo hili tutaona jinsi ilivyoanza, jinsi ilivyoubadilisha mmea wenyewe, na njia uliyopitia mtama hata ukafika katika mashamba yetu.

Kabla ya kilimo

Kwa muda mrefu kupita kiasi, watu wote wa dunia waliishi bila kulima. Walikula matunda, mizizi, asali, samaki na nyama ya wanyama waliowinda. Hapakuwa na shamba, ghala wala zizi mahali popote. Mkoani Singida twaweza kuyafahamu maisha hayo kwa urahisi, kwa sababu wilayani Mkalama, na kando ya Ziwa Eyasi upande wa kaskazini, wanaishi Wahadzabe. Baadhi yao hata leo huchimba mizizi, huchuma ubuyu, hurina asali na kuwinda kwa upinde na mishale.

Msidhani kwamba watu wanaoishi hivyo hawana maarifa ya mimea. Mtu achimbaye mizizi hana budi kujua ni mmea gani wenye mzizi unaolika, unakua katika udongo gani, na wakati gani unafaa kuchimbwa. Watu wa kale walijua pia kwamba mbegu ikianguka katika udongo wenye unyevu huota. Kwa hiyo kilimo hakikuanza siku moja mtu mmoja alipogundua jambo hilo. Kilianza pole pole, pale watu walipoanza kurudi mwaka hadi mwaka kwenye nyasi zilezile, kukusanya punje zake, kuweka akiba, na mwishowe kumwaga sehemu ya akiba hiyo katika ardhi waliyoichagua wao wenyewe.

Jambo hili lilitokea katika sehemu mbalimbali za dunia, mbali mbali, bila watu wa sehemu moja kufundishwa na wengine. Katika Asia ya Magharibi watu walianza kulima ngano na shayiri zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Nchini China walilima mpunga na nchini Meksiko walilima mahindi. Barani Afrika nako watu walikuwa na nyasi zao wenyewe. Mojawapo ya nyasi hizo ilikuwa mtama mwitu.

Mtama mwitu na mtama wa shambani

Mtama mwitu bado upo. Huota wenyewe katika mbuga za Afrika, na wakati mwingine huota kama gugu katikati ya shamba. Majani yake ni kama ya mtama wetu, lakini suke lake ni jembamba na limetawanyika, na punje zake ni ndogo. Tofauti kubwa zaidi huonekana siku suke linapokauka. Ukiligusa suke la mtama mwitu lililokauka, punje hudondoka chini. Kila punje imeshikwa katika suke kwa kiungo kidogo, na kiungo hicho hukatika chenyewe punje inapokomaa. Twasema suke linapukutika.

Kwa mmea wa porini kupukutika ni jambo jema, kwani ndiyo njia yake ya kujipanda. Punje zikibaki katika suke, ndege watazimaliza. Lakini kwa mtu anayetaka kula punje hizo ni hasara. Akichelewa siku mbili tatu, atakuta mabua matupu, na chakula chake chote kimo katika vumbi.

Sasa fikirini. Katika kila kundi kubwa la mimea hutokea mmea mmoja au miwili iliyo tofauti kidogo na mingine. Katika mtama mwitu hutokea mmea ambao viungo vyake havikatiki, punje zikabaki katika suke. Porini mmea huo una bahati mbaya, kwa kuwa huzaa watoto wachache. Je, itakuwaje watu wakija kuvuna kwa kukata masuke, kisha wakapanda sehemu ya walichovuna?

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kuna mimea 100. Kati yake, 98 ni ya kupukutika na 2 ni ya kushika punje. Kila suke limezaa punje 200. Siku ya kuvuna, kila suke la kupukutika limebakiwa na punje 50 tu, lakini kila suke la kushika lina punje zote 200. Basi ndani ya kapu la mvunaji mtakuwa na punje 4,900 za aina ya kwanza na punje 400 za aina ya pili. Tukichukulia kwamba kila punje huzaa mmea unaofanana na mzazi wake, na mbegu ikatolewa katika kapu hilo, basi kati ya kila mimea 100 ya mwaka ujao karibu 8 itakuwa ya kushika punje. Baada ya mavuno ya pili itakuwa karibu 25. Baada ya mavuno ya tatu itakuwa karibu 57. Mvunaji hakukusudia jambo hilo. Yeye alichukua tu kile kilichokuwapo katika suke.

Katika mashamba ya kweli mambo hayakwenda upesi kama katika hesabu yetu. Chavua ya mtama mwitu uliokuwa karibu ilipeperushwa na upepo ikaingia katika maua ya mtama wa shambani, na watoto wakarudi kupukutika. Tena huenda watu wengine hawakukata masuke, bali waliyakung'uta juu ya kapu, na kwa njia hiyo walichukua zaidi zile punje zilizodondoka kwa urahisi. Mabadiliko hayo yalihitaji miaka mingi sana, vizazi kwa vizazi.

Pamoja na punje kushikana na suke, mabadiliko mengine mawili yalitokea. Punje zilizidi kuwa kubwa. Pia, zilianza kuota zote kwa pamoja. Mbegu za mtama mwitu hazioti zote mvua ya kwanza inaponyesha. Nyingine hulala katika udongo na kungoja. Mvua ikinyesha kidogo kisha ikakatika, zilizoota hufa, lakini zilizolala zinabaki salama. Mmea wa porini huweka akiba yake ndani ya ardhi. Mtama wa shambani umeacha desturi hiyo. Ukiupanda katika udongo wenye unyevu, karibu punje zote huota ndani ya siku chache. Mvua ikikatika, zote hufa pamoja, na hapo hapana akiba nyingine ila ile iliyo mikononi mwa mkulima. Sasa mwaweza kuona sababu ya bibi kuyatunza masuke yale juu ya jiko. Kwa kuwa haupukutiki wala haulali ardhini, mtama wa shambani hauwezi kudumu miaka mingi pasipo mtu wa kuupanda. Kizazi kimoja tu kikila mbegu yote, aina hiyo ya mtama imekwisha.

JARIBIO LA KWANZA
Tafuteni suke moja la mtama lililokauka na masuke kadhaa ya nyasi za porini yaliyokauka. Tandikeni karatasi mbili kubwa juu ya meza. Kung'uteni suke la mtama mara kumi juu ya karatasi moja, na masuke ya nyasi mara kumi juu ya karatasi ya pili. Hesabuni punje zilizodondoka. Kisha pukuchueni suke lote la mtama kwa mikono na kuhesabu punje zake. Kazi hii ya kuhesabu itawachosha, kwa hiyo gawaneni.

Ushahidi ndani ya vyungu

Mtama wa kale umekwisha kuliwa au kuoza. Basi wataalamu wa mambo ya kale walijuaje mahali ulipoanzia kulimwa?

Jibu lilipatikana katika vipande vya vyungu. Mfinyanzi anapotayarisha udongo huchanganya humo kitu kingine ili chungu kisipasuke motoni. Wengine hutia mchanga, wengine hutia makapi ya nafaka. Chungu kinapochomwa, makapi huungua na kwisha, lakini mahali yalipokuwa panabaki tundu lenye umbo lile lile la kapi. Mashariki mwa Sudan, karibu na mji wa Kassala, wataalamu walichimbua vyungu vya namna hiyo vya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Walijaza matundu hayo kwa mpira laini, wakautoa ulipokwisha kukauka, kisha wakautazama kwa hadubini. Waliona makapi ya mtama. Katika baadhi ya makapi hayo kiungo kilikatika vizuri, kama cha mtama mwitu. Katika mengine kiungo kilikuwa kimevunjwa kwa nguvu, kama inavyotokea watu wanapotwanga mtama usiopukutika. Matokeo ya uchunguzi huo yalitangazwa mwaka 2017. Mfinyanzi wa Kassala alitaka tu chungu kisichopasuka, na kumbe alituwekea habari za shamba lake.

Njia nyingine ni kutafuta punje zilizoungua. Punje ikiungua bila kuwa majivu haiozi, na yaweza kukaa ardhini maelfu ya miaka. Wataalamu huchimba udongo wa makao ya kale, huutia katika maji na kuukoroga. Udongo huzama, na punje zilizoungua huelea. Kwa njia hii, katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda, zimepatikana punje za kunde za yapata miaka 2,300 iliyopita, na punje za ulezi za yapata miaka 1,000 iliyopita.

JARIBIO LA PILI
Chukueni udongo wa mfinyanzi, mchanganye na makapi ya mtama, na mfanye vibonge vidogo. Viacheni vikauke kivulini kwa siku nne au tano. Mwalimu atavichoma katika jiko la mkaa. Vikipoa, vivunjeni, mtazame ndani yake kwa kioo cha kukuzia. Choreni mnachokiona.

Mifugo ilitangulia

Katika Asia ya Magharibi watu walilima kwanza, kisha wakafuga. Katika sehemu zetu za Afrika Mashariki mambo yalikuwa kinyume. Ng'ombe, kondoo na mbuzi walifika kabla ya jembe.

Kondoo na mbuzi asili yao ni Asia ya Magharibi. Waliletwa Afrika kupitia kaskazini, na wafugaji waliwaswaga kuelekea kusini kadiri Sahara ilivyozidi kukauka, kwa maana Sahara iliyo jangwa leo zamani ilikuwa na maziwa na majani. Yapata miaka 5,000 iliyopita wafugaji walikuwa wamekwisha kufika kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kutoka pale safari ilikuwa ya pole pole mno. Porini mlikuwa na mbung'o, na mlikuwa na magonjwa ambayo ng'ombe hawakuyazoea.

Mkoa wa Manyara unapakana na Singida. Huko, katika nyanda za juu za Mbulu, kuna mahali paitwapo Luxmanda. Hapo wataalamu wamechimbua makao ya wafugaji walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Wamekuta mifupa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, mawe ya kusagia, na vipande vingi vya vyungu. Vyungu hivyo vilipochunguzwa kwa njia za kemia, vilionekana vimenywea mafuta ya maziwa. Kwa hiyo watu waliokuwa na mifugo, maziwa na vyungu walikuwa jirani zetu zamani hizo, na wawindaji waliwaona. Watu wa namna mbili za maisha waliishi nchi moja, wakabadilishana vitu, na pengine wakaoana.

Mbegu, shoka na jembe

Wakulima walifika kwa njia nyingine. Maelfu ya miaka iliyopita, watu waliosema lugha za Kibantu waliishi sehemu za mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Walienea pole pole kuelekea mashariki na kusini, kijiji kimoja kikizaa kijiji kingine. Lugha zao hata leo zina maneno yanayofanana. Sisi twasema mbuzi, Wakikuyu wa Kenya husema mbũri, na Wazulu wa Afrika Kusini husema imbuzi. Kinyaturu na Kinyiramba ni lugha za ukoo huo huo.

Karibu na Ziwa Viktoria wakulima hawa walijua kufua chuma. Katika mkoa wa Kagera, mahali paitwapo Katuruka, yamechimbuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za yapata miaka 2,000 iliyopita. Shoka la chuma liliwawezesha kufyeka kichaka kilichowashinda wenye shoka la jiwe. Huko Maziwa Makuu ndiko watu wa kutoka magharibi walipokutana na watu wa kutoka kaskazini, na huko mtama na ulezi ulizidi kuwa chakula chao. Katika miaka elfu moja ya kwanza baada ya Kristo, wakulima wafuao chuma walikuwa wamefika katika nchi kavu ya katikati ya Tanzania. Vyungu vyao vilitambuliwa huko Lelesu, katika nchi ya Wasandawe iliyo mashariki ya Singida, na hata leo vyungu vya aina hiyo huitwa kwa jina la Lelesu.

Kwa nini mtama ulikubali katika nchi yetu? Mvua ya Singida ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka katika sehemu nyingi, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, kuanzia Novemba hadi Aprili. Katikati ya msimu huo huja majuma ya jua kali. Mahindi hunyauka upesi katika jua hilo, na yakikosa maji wakati wa kutoa maua hayazai. Mtama una mizizi iendayo chini sana. Majani yake yamefunikwa na nta nyembamba inayozuia maji kupotea, na jua likizidi majani hayo hujikunja. Mmea husimama kukua, hungoja, na mvua ikirudi huendelea. Uwele hustahimili ukame hata kuliko mtama. Nao ni mmea wa Kiafrika, uliolimwa kwanza upande wa Mali yapata miaka 4,500 iliyopita, kusini mwa Sahara iliyokuwa ikikauka.

Wageni wengine wa shambani

Si kila mmea wa Singida uliotoka Afrika. Alizeti inayong'arisha mashamba ya Iramba na Ikungi, na ambayo mafuta yake yanaujulisha mkoa huu nchini kote, ilianza kulimwa na wenyeji wa Amerika ya Kaskazini zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mahindi yalitokana na nyasi ya Meksiko. Mihogo, karanga na viazi vitamu pia ni vya Amerika. Mimea hiyo haikuonekana Afrika Mashariki kabla ya merikebu za Ulaya kuvuka Bahari ya Atlantiki, baada ya mwaka 1492. Kuku wa kienyeji wa Singida, anayesafirishwa hadi Dar es Salaam, babu zake walikuwa ndege wa misitu ya Asia ya Kusini-mashariki. Nasi tulituma vyetu: mtama na uwele wa Afrika ulilimwa nchini India zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, na hadi leo mamilioni ya Wahindi hula mikate yake.

Maswali

1. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kupukutika kunaufaa mtama mwitu lakini hakumfai mkulima.
2. Endeleza hesabu tuliyoifanya katika somo. Baada ya mavuno ya nne, kati ya mimea 100, mingapi itakuwa ya kushika punje?
3. Mkulima mmoja amepanda mbegu yake yote mvua ya kwanza iliponyesha. Jirani yake amepanda nusu na kubakiza nusu. Mvua imekatika kwa majuma manne. Eleza hali ya kila mmoja.
4. Wataalamu wakichimba mahali penye makao ya kale wasipate punje hata moja, watatafuta ushahidi gani mwingine wa kilimo?

Kazi ya kufanya nyumbani

Mwulize bibi, babu au mzee mwingine wa kijijini majina ya aina zote za mtama na uwele anazozikumbuka tangu utoto wake. Andika jina la kila aina, rangi ya punje zake, na kama ilikomaa mapema au ilichelewa. Kisha mwulize ni zipi ambazo bado zinapandwa, na nani anayo mbegu yake. Ukipewa punje chache, zilete darasani ndani ya karatasi iliyoandikwa jina lake. Mwalimu atapanda punje kumi za kila aina katika udongo wenye unyevu, nanyi mtahesabu zilizoota baada ya siku saba.